Mfinyanzi na Jina Lake: Maisha ya Ladi Kwali kati ya Ufundi na Sanaa

Utangulizi

Chungu kimeishi karibu mno na mwanadamu hata akasahau kukitazama. Huko Kianjokoma, kwenye miteremko ya Mlima Kenya katika kaunti ya Embu, ambako siku hizi majani chai yamepandwa hadi karibu na ukingo wa msitu, nyungu ilikuwa chombo cha kupikia, cha kuwekea maji na cha kuhifadhia nafaka. Neno nyungu lenyewe linapatikana katika Kiswahili na pia katika lugha za jamii za mlima huo, jambo linaloashiria kwamba chombo hiki ni cha kale kuliko mipaka inayozitenga lugha hizo leo. Waliokifinyanga walikuwa wanawake. Majina yao yalifahamika kijijini na sokoni, lakini hayakuandikwa popote. Sufuria na ndoo za plastiki zilipoenea, vyungu vingi vilivunjika na kusahaulika, na vichache vilivyonusurika vikaingia katika majumba ya makumbusho vikiwa na kibandiko kinachotaja kabila la mfinyanzi pasipo kutaja jina lake.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo limewashughulisha wahakiki wa sanaa kwa muda mrefu: je, mfinyanzi ni fundi au ni msanii? Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, swali hili lina utata wa ziada. Lugha yetu humwita fundi mshonaji, mwashi na mhunzi, na neno sanaa tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake unahusu kazi ya kutengeneza kitu kwa ustadi. Kwa hiyo, katika asili ya maneno haya hakuna ukuta kati ya ufundi na sanaa. Ukuta huo ulijengwa baadaye na vyuo, majumba ya maonyesho na masoko ya mnada, ambako anayechonga sanamu ya mti au kumimina shaba huitwa msanii, ilhali anayefinyanga mtungi husemwa kuwa anafanya kazi za mikono.

Makala haya yanasimulia maisha ya Ladi Kwali, mfinyanzi wa Nigeria aliyefariki mwaka 1984. Amechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, maisha yake yanaonyesha kwa uwazi mkubwa jinsi mtungi unavyoweza kutoka jikoni ukaingia katika ukumbi wa maonyesho, pamoja na gharama ya safari hiyo. Pili, mkono wake uligusa ufinyanzi wa Kenya kupitia mwanafunzi mmoja aliyezaliwa Nairobi.

Malezi na Mafunzo ya Awali

Ladi alizaliwa yapata mwaka 1925 katika kijiji cha Kwali, miongoni mwa Wagbagyi, jamii ya Nigeria ya kati ambayo majirani wake Wahausa waliizoea kwa jina la Gwari. Jina Ladi ni la Kihausa, nalo hupewa mtoto wa kike aliyezaliwa siku ya Jumapili. Jina Kwali ni la kijiji chake. Hivyo basi, jina lililokuja kufahamika ulimwenguni lilieleza mambo mawili tu: siku aliyozaliwa na mahali alipotoka.

Hakupata elimu ya shule. Darasa lake lilikuwa uani kwa shangazi yake, ambako alianza kufinyanga angali mtoto, kwa kadiri ya ule usemi wetu kwamba udongo uwahi ungali maji. Mbinu aliyofundishwa ilikuwa ile ile iliyotumiwa na wanawake wa Kigbagyi kwa vizazi vingi. Kitako cha chombo kilipatikana kwa kufinyanga udongo katika umbo la kibuyu au la chungu cha zamani. Kisha mfinyanzi alisokota udongo kama kamba nene, akaupachika juu ya kitako mzunguko baada ya mzunguko, na kuukwangua hadi ukuta ukawa mwembamba na sawa. Mtungi haukuzungushwa. Aliyezunguka ni mfinyanzi mwenyewe, aliyetembea kinyumenyume huku ameinama, mkono mmoja ndani na mwingine nje, hadi tumbo la mtungi likatuna na shingo ikafungika.

Baada ya hapo ulifuata urembo. Kijiti kilichochanjwa alama au uzi uliosokotwa uliviringishwa juu ya udongo mbichi na kuacha mikanda ya nakshi. Kati ya mikanda hiyo Ladi alichora kwa ncha kali nge, mijusi, mamba, vinyonga, nyoka, ndege na samaki. Vyombo vilichomwa nje kwa kuni na nyasi kavu, kisha vikinyunyiziwa maji yaliyolowekewa maganda ya mti vingali vya moto ili uso wake ukaze na kung'aa.

Kipaji chake kilitambuliwa mapema. Nduguye alikumbuka kwamba mara nyingi vyombo vya Ladi vilinunuliwa kabla havijafikishwa sokoni. Kumbukumbu hii fupi ni muhimu kwa uhakiki. Inaonyesha kwamba wanakijiji, ambao hawakuwahi kuingia katika jumba lolote la sanaa, walikuwa na kigezo chao cha uzuri na walikuwa tayari kukilipia. Mtungi wa jirani ungehifadhi maji vilevile, lakini walisubiri wa Ladi. Yaani, kabla mtu yeyote kutoka nje hajauita mtungi huo sanaa, wanunuzi wa Kwali walikuwa wamekwisha kuutenga na mitungi mingine kwa sababu ya sura yake.

Mitungi katika Kasri

Miongoni mwa waliovutiwa na kazi hiyo alikuwa Emir wa Abuja, Alhaji Suleiman Barau, aliyeipamba nyumba yake kwa mitungi ya Ladi. Inafaa kueleza kwamba Abuja ya wakati huo ndiyo mji unaoitwa Suleja leo. Jina la Abuja lilihamishiwa mji mkuu mpya wa Nigeria, ambao mpango wake ulianzishwa mwaka 1976.

Mwaka 1950 alifika huko Mwingereza aitwaye Michael Cardew, aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni kuwa afisa wa ufinyanzi. Cardew, aliyezaliwa mwaka 1901, alikuwa amefunzwa na Bernard Leach huko St Ives, Uingereza, na alikuwa amefanya kazi katika Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Aliiona mitungi ya Ladi katika kasri la Emir na kuistaajabia. Hata hivyo, kituo cha mafunzo alichokianzisha Abuja mwanzoni mwa miaka ya 1950 kiliwapokea wanaume watupu. Shabaha yake ilikuwa kuzalisha mabirika, bakuli na vikombe vya kuuzwa, vikitengenezwa kwa gurudumu na kuchomwa katika tanuri. Kejeli ya jambo hili haihitaji kufafanuliwa sana. Katika nchi ambayo wanawake ndio waliokuwa mabingwa wa udongo, chuo cha udongo kilifunguliwa pasipo mwanamke hata mmoja.

Hali hiyo ilibadilika mwaka 1954, Ladi Kwali alipojiunga na kituo hicho akiwa mwanamke wa kwanza. Alikuwa na umri wa karibu miaka thelathini na tayari alikuwa mfinyanzi aliyekomaa. Alijifunza kutumia gurudumu, kutayarisha utando wa kioo unaopakwa juu ya chombo, na kuchoma katika tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 1200 za Selsiasi, joto ambalo moto wa nyasi hauwezi kulifikia. Alitengeneza bakuli, mabirika na sahani kwa mbinu hizo mpya. Lakini mitungi mikubwa aliendelea kuijenga kwa mkono, akitembea kinyumenyume kama alivyofundishwa na shangazi yake. Michoro ya wanyama aliichanja katika udongo na kuijaza udongo mweupe, kisha akaifunika kwa utando wa rangi ya kijani kibichi au ya kahawia iliyokolea. Mtungi ulipotoka katika tanuri, nge na mijusi walionekana kama viumbe waliolala chini ya maji.

Mafanikio yake yaliwafungulia mlango wanawake wengine. Halima Audu, Asibi Ido na Kande Ushafa walikuwa miongoni mwa waliomfuata, na ndani ya kituo hicho wanawake walipata ukumbi wao wa kufanyia kazi uliojulikana kwa Kihausa kama Dakin Gwari.

Mtungi Usiopoza Maji

Hapa ndipo penye kiini cha maisha ya Ladi Kwali. Mtungi wa kawaida, uliochomwa kwa moto wa nyasi, una vinyweleo. Maji hupenya ukutani polepole, hufika nje, hukauka kwa upepo, na katika kukauka huko huondoa joto. Ndiyo maana maji ya mtungini ni baridi hata jua liwe kali vipi. Mtungi uliopakwa utando wa kioo na kuchomwa kwa joto kali hauna vinyweleo hivyo. Haupenyezi maji, kwa hiyo haupozi maji. Mitungi ya Ladi ya Abuja ilikuwa na umbo la mtungi wa maji, tumbo la mtungi wa maji na shingo ya mtungi wa maji, lakini kazi yake ya awali ilikuwa imeondoka. Ilibaki kutazamwa.

Waweza kusemwa kuwa uzuri ulipatikana kwa kupoteza manufaa. Wapo waliolichukulia badiliko hili kuwa kupanda daraja, ufundi ukigeuka sanaa. Wapo pia waliolilalamikia kwamba chombo kilichokuwa mali ya mama wa nyumbani kimekuwa pambo la sebule za wageni. Hoja zote mbili zina ukweli, lakini zote zinamsahau mfinyanzi. Kwa Ladi, mtungi wa kioo na mtungi wa moto wa nyasi vilitoka katika mikono ile ile na mwendo ule ule. Kilichobadilika ni mnunuzi, mahali pa kuuweka mtungi na bei yake.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi atalitambua tatizo hili upesi. Ngano inapotolewa kinywani mwa bibi na kuchapishwa kitabuni, hupata wasomaji ambao bibi hakuwaota, lakini hupoteza mwitikio wa hadhira, wimbo wa katikati na giza la jioni. Haiwi bora wala duni kwa sababu hiyo. Huwa imeingia katika maisha mengine yenye masharti mengine. Sharti mojawapo la maisha hayo mapya ni jina. Fanani wa kijijini hakuhitaji kuandika jina lake kwa kuwa kila mtu alimjua. Vivyo hivyo, mtungi wa Kwali haukuwa na saini. Vyombo vya Abuja viligongwa muhuri wa kituo pamoja na alama ya mfinyanzi, na mitungi ya Ladi ikaanza kusafiri ikiwa na alama yake. Huenda muhuri huo mdogo uliogongwa udongoni ulifanya kazi kubwa kuliko utando wote wa kioo. Ndio uliozuia mitungi yake isiishie kuitwa tu kazi ya kabila fulani.

Sifa Ulimwenguni

Kazi za kituo cha Abuja zilionyeshwa katika Berkeley Galleries jijini London mwaka 1958, 1959 na 1962, na mitungi ya Ladi ndiyo iliyowavutia watazamaji zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alisafiri hadi Uingereza kuonyesha jinsi anavyofinyanga, na serikali ya nchi hiyo ikamtunuku nishani ya MBE. Mwaka 1965 alipata tuzo ya fedha katika maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya udongo mjini Washington. Mwaka 1972 alizuru Marekani akiwa na Cardew na mfinyanzi wa Ghana, Kofi Athey, wakifanya maonyesho ya ufinyanzi mbele ya hadhira katika miji mbalimbali.

Katika maonyesho hayo, mwanamke huyu aliyezungumza Kigbagyi na Kihausa alisimama mbele ya wanafunzi na wahadhiri, akaweka udongo juu ya kiti, akaanza kuuzunguka. Hakuhitaji mkalimani. Hata hivyo, haipasi kufumbia macho upande wa pili wa mandhari hayo. Baadhi ya watazamaji walikuja kuiona Afrika ya kale waliyoisikia vitabuni, na Cardew aliyesimama kando yake ndiye aliyeandika, aliyeeleza na aliyesikilizwa. Kwa miaka mingi simulizi ya Ladi Kwali ilielezwa kama simulizi ya Mzungu aliyegundua kipaji porini. Ukweli wa mfuatano wa matukio unaikanusha simulizi hiyo. Mitungi ilikuwa imekwisha kununuliwa na wanakijiji wa Kwali, ikanunuliwa na Emir, na ndipo Cardew akaikuta imepangwa katika kasri. Alichokileta Cardew ni tanuri, njia ya kufika London na kalamu. Hayo si mambo madogo, lakini si kipaji.

Nyumbani pia heshima ilimfikia. Cardew aliondoka Nigeria mwaka 1965, na Ladi akaendelea na kazi yake kwa takribani miongo miwili mingine. Alifundisha kwa vitendo katika Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilichoko Zaria, na mwaka 1977 chuo hicho kikamtunuku shahada ya heshima ya udaktari. Mtu ambaye hakuwahi kukaa katika dawati la shule ya msingi akawa Dakta Ladi Kwali. Mwaka 1980 alipewa tuzo ya kitaifa ya Nigeria ya wanaostahili katika fani zao, na mwaka 1981 nishani ya OON. Kituo cha Abuja nacho kilibadilishwa jina kikaitwa kwa jina lake.

Ladi Kwali alifariki tarehe 12 Agosti 1984 mjini Minna. Mwaka 2007 Nigeria ilipotoa noti mpya ya naira 20, nyuma yake palikuwa na picha yake akiwa kazini. Ni vigumu kupata mfano mwingine wa namna hii. Mataifa mengi huweka katika noti zake marais, wanajeshi na majengo, lakini hapa palikuwa na mwanamke na mtungi wake, katika noti ndogo inayopita mikononi mwa wauza mboga na makondakta.

Mkono Uliofika Kenya

Mwaka 1974, mwanafunzi wa sanaa aitwaye Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kwenda Uingereza kusoma mwaka 1971, alisafiri hadi Abuja kwa kuhimizwa na Cardew. Huko aliwakuta Ladi Kwali na wenzake, akajifunza kwao jinsi ya kujenga chombo kwa mkono. Alirejea pia Kenya kuchunguza ufinyanzi wa wanawake wa kwao. Vyombo alivyokuja kuvitengeneza vilijengwa kwa mkono pasipo gurudumu na bila utando wa kioo, vikasuguliwa hadi uso ukang'aa, na kuchomwa vikawa vyekundu au vyeusi. Umbo lake hukumbusha shingo, nyonga na mgongo wa mwanadamu. Leo vyombo hivyo vimo katika majumba makuu ya makumbusho duniani, ikiwemo British Museum, na wahakiki hawasiti kuviita sanamu.

Mwaka 2022 yalifanyika London, katika jumba la Two Temple Place, maonyesho yaliyohusu wanawake weusi na sanaa ya udongo. Yalianza na Ladi Kwali, yakapita kwa Odundo, yakafika kwa wasanii vijana wa karne hii. Mpangilio huo ulikuwa na maana. Ulimweka Ladi kuwa mwanzo wa ukoo wa wasanii, wala hakuletwa pale kuwa mfano wa kazi za mikono za zamani.

Kulinganisha hali hii na historia ya sanaa ya Afrika Mashariki kunafunza. Shule ya sanaa ya Makerere, iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937, ilimlea Gregory Maloba, mzaliwa wa Mumias, ambaye sanamu yake ya uhuru ilisimamishwa Kampala mwaka 1962. Maloba aliitwa mchongaji na msanii tangu ujana wake, na alistahili. Katika miaka hiyo hiyo wanawake waliofinyanga nyungu kandokando ya Mlima Kenya hawakuitwa chochote zaidi ya wake na mama. Tofauti hiyo haikutokana na udongo wala na ustadi. Ilitokana na nani aliingia darasani, nani aliandikwa, na chombo kiliwekwa wapi baada ya kukamilika.

Hitimisho

Waswahili walisema kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Methali hii huelezwa kwa kawaida kuwa inamhusu fundi asiyenufaika na kazi yake mwenyewe, anayewapa wengine sahani nzima naye akabaki na kigae. Maisha ya Ladi Kwali yanaongeza maana nyingine. Kigae alichobakishiwa mfinyanzi wa Kiafrika kwa muda mrefu ni kule kukosa jina. Watu walikula katika chungu chake, wakanywa katika mtungi wake, watafiti wakauchukua mtungi huo na kuuweka nyuma ya kioo, lakini aliyeufinyanga hakutajwa. Ladi aliponea shimo hilo kwa sababu ya kipaji kikubwa, bidii, na bahati ya kuwa karibu na tanuri na muhuri.

Mabingwa wengine hawakuwa na bahati hiyo. Vijana wa vyuo wanapokwenda Kianjokoma, Mbeere au Tharaka kukusanya ngano, methali na nyimbo, mara nyingi huketi uani kwa ajuza ambaye katika pembe ya jiko lake mna chungu cheusi kwa moshi. Kinasa sauti huelekezwa kinywani mwake, na chungu hakiulizwi. Swali moja tu, la nani alikifinyanga, lingetosha kuanzisha wasifu wa mtu ambaye hakuna kitabu kinachomtaja. Wenye kulijibu swali hilo wanapungua kila mwaka.